Kopo la Bati Chini ya Kitanda cha Mize

Kwa miaka ishirini na moja kazi yangu ilikuwa mkojo wa watu. Nalisema mwanzoni, ili mwenye kuona haya aiweke karatasi hii chini na kwenda kutafuta kazi ya kushona. Ninyi wengine, wanangu mnaofunga aproni sasa, kaeni tuzungumze.

Siku niliyoaga mlinipa shuka mbili na kikombe cha chai, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Shuka nimezitandika, kikombe nimeshakivunja, na ombi lenu ndilo ninalolitimiza leo. Naandika kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa katika chuo cha Kurani na marehemu baba, na atakayenakili kwa herufi za Kizungu namwonya asinitilie maneno yake. Vyeo na mishahara sitavitaja. Mnavijua, na havichukui nafasi kubwa.

Nilianza kazi mwaka uliofuata ule wa mizinga iliyobomoa jumba la Sultani. Nilikuwa nimemaliza eda, sina mtoto, na nyumba yetu ya Malindi ilikuwa na wanawake wengi kuliko shughuli. Niliposema kwamba hospitali wanataka mwanamke wa kuuguza wanawake, kaka yangu mkubwa aliruka.

"Binti wa Malindi akamwage mikojo ya watu?"

"Yako nshaimwaga wiki nzima ulipokuwa na homa," nikamwambia, "wala hukuuliza mie binti wa wapi."

Hakunisemesha mpaka mwezi wa mfungo tatu. Mimi niliona raha ya ukimya ule, na kila asubuhi nilivaa buibui langu nikaenda kazini.

Siku ya kwanza niliingia nimejipaka udi na kuvaa bangili. Aliyenipokea alikuwa bibi muuguzi wa Kizungu, mwanamke mrefu aliyelazimika kuinama katika kila mlango wa mji huu, na kwa hiyo watu walimwita Bibi Mrefu. Jina lake la kwao lilitushinda sote. Alinitazama mikononi, akanyoosha kiganja, nami nikavua bangili moja baada ya nyingine nikampa. Akazitia kwenye bahasha, akaandika jina langu juu yake, akanipa kipande cha sabuni na brashi. Nilisugua mikono mpaka viwiko. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu nilisugua kwa hasira, na hapo ndipo aliporidhika, maana hasira inasafisha vizuri.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, lakini alikitumia kwa adabu. Alinifundisha kwanza mpira wa mkojo, ule mrija mwekundu wa unene wa kalamu ya mwanzi unaoingizwa kwenye kibofu cha asiyeweza kukojoa. Mpira unachemshwa. Yeye alikuwa na saa ya mfukoni. Mimi sikuwa nayo, kwa hiyo nilisoma Yasini taratibu tangu maji yanapotokota, na nilipofika mwisho ndipo nilipoutoa. Alinipima kwa saa yake siku kumi. Siku ya kumi na moja aliirudisha saa mfukoni, akasema, "Yasini ni saa nzuri."

Jambo la pili alilonifunza lilikuwa kusikiliza. Mgonjwa aliyetiwa mpira hulazwa, na mpira hushuka ubavuni mwa kitanda ukamwaga ndani ya kopo la bati. Wengine hospitali walitumia chupa za kioo kwa sababu zinapendeza. Bibi Mrefu alitaka bati, kwa sababu bati linasema. Kila tone lina sauti yake, na muuguzi akiwa upande wa pili wa wodi anamfunga mtu kidonda, sikio lake linabaki pale. Mimi nilihesabu kwa tasbihi. Mambo yakiwa sawa, baina ya tone na tone nilimaliza "Subhanallah" moja, ikizidi mbili. Zikifika tano, nilikwenda kutazama.

Wakati ule wagonjwa wetu walikuwa wa kila namna. Wanaume walikuja na mabusha wameyafunga kwa vitambaa, wakisema wamekuja kwa ajili ya kikohozi. Wavulana wa mashambani walikojoa damu ya kichocho na mama zao walituambia ndiyo dalili ya kubaleghe. Vijana wa mjini walikuwa na kisonono, na kila mmoja aliapa amekipata kwa kukalia jiwe la moto. Mawe ya Unguja yalisingiziwa sana. Wanawake ndio waliochelewa kuliko wote, kwa sababu walisubiri mpaka mume aruhusu, mama mkwe aridhike, na nguo safi ipatikane.

Kisa cha chupa nitakieleza kwa sababu kinahusika na kitakachofuata. Bibi mmoja wa nyumba kubwa alivimba miguu, na daktari akataka mkojo wake upimwe. Bibi Mrefu alinionyesha upimaji huo: unatia mkojo kwenye kichupa chembamba, unauchemsha juu ya taa ya spiriti, na ukigeuka mweupe kama tui, figo zina taabu. (Nilipofunzwa, nilipima wangu kwa siri. Ulikuwa safi, nikala vizuri jioni ile.) Chupa ya bibi yule ilipoletwa nikaichemsha, ikawa tui tupu. Daktari akaamuru asile chumvi, anywe uji wa shayiri, alale. Wiki mbili bibi akala chakula kisicho na chumvi huku akitulaani, na kila chupa iliyoletwa ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Siku moja nilipeleka dawa mwenyewe. Aliyenifungulia mlango alikuwa mtumishi wake, msichana anayeitwa Faida, na uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayafunguki sawasawa. Nikambonyeza muundi kwa kidole. Shimo likabaki.

"Faida, mkojo wa chupa ni wa nani?"

Akatazama ngazi, akaninong'oneza: "Bibi anaona haya kupeleka wake hospitali, ukatazamwe na wanaume. Hunambia nitie mie."

Bibi miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukaa tu, na ilipona alipoanza kutembea kwa hasira. Faida ndiye tuliyemlaza, tukamlisha shayiri, na baada ya miezi akaondoka uso wake ukiwa mwembamba na macho yake makubwa. Bibi Mrefu akaniambia neno nililoliandika kwenye jalada la daftari langu: chupa haina uso, kamtazame mtu. Baada ya miaka michache akaugua, akarudi kwao, akaniachia sufuria yake ya kuchemshia. Nami nikajiona nimehitimu. Kumbe neno lile lilikuwa kwenye jalada tu.

Mize binti Pandu alikuja kutoka Makunduchi na mama yake, Bi Mwanakheri, siku kumi na ushei kabla ya Ramadhani. Alikuwa na miaka ishirini hivi. Alisimama mlangoni mwa wodi, amekunja gunia chini ya kwapa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitandani."

"Ntakaa chini. Nna gunia langu."

"Kitanda hicho ni chako."

"Ntakirowesha."

"Kisharoweshwa na wakubwa kuliko wewe. Kaa."

Hakukaa. Alitandika gunia sakafuni akakaa juu yake, akaikusanya kanga yake isiguse kitu.

Habari yake aliieleza mama. Miaka mitatu nyuma Mize alishikwa na uchungu siku nne. Mtoto alitoka maiti. Siku ya tisa ya uzazi mkojo ukaanza kutoka wenyewe, mchana na usiku, wala haukukoma tena. Kichwa cha mtoto kilikaa mno njiani, kikaibana nyama iliyo baina ya kibofu na njia ya uzazi. Nyama ikafa, pakatoboka. Mnawajua wagonjwa hawa. Wakati ule hata wakunga wazuri walisema ni jini la maji. Mumewe alimrudisha kwa baba yake, na baba akamjengea kibanda nyuma ya jiko.

"Harusini hunifukuza nani?" Mize alisema, hali tulikuwa hatujamwuliza. "Hawanifukuzi, bibi. Huvuta mkeka tu. Nkija kukaa, mkeka unavutwa. Nkenda upande wa pili, na wa huko unavutwa."

Alikuwa ameshapasuliwa mara moja, mwaka uliotangulia, huko huko kwao, na daktari huyu huyu alipopita ziarani, na mishono ikafumuka usiku ule ule. Safari hii daktari alimpima kwa muda mrefu. Alipomaliza alituambia sote watatu, kwa Kiswahili chake cha kukatakata: nyama iliyobaki ni nyembamba, atashona mara ya pili, na hakuna ya tatu. Mshono utashika kama kibofu kitabaki kitupu siku kumi na nne. Kikijaa hata mara moja, utafumuka, na Mize atarudi kwenye kibanda chake mpaka kufa. Hakusema "mpaka kufa". Alisema "basi". Mize akaelewa.

Akashonwa. Nikamfunga mpira, nikaweka kopo, nikakaa kusikiliza. Tone. Subhanallah. Tone.

Asubuhi ya siku ya pili aliniita. Mkono wake ulikuwa chini ya mapaja, kiganja kimekandamizwa kwenye shuka.

"Bibi, njoo uguse. Kukavu."

Nikagusa. Kulikuwa kukavu kweli. Alilia, mama yake akalia, na mimi nikalia mbele ya wodi nzima bila kuona haya. Miaka mitatu hakuwahi kulala juu ya kitu kikavu. Katika shuka zote nilizozigusa miaka ishirini na moja, ile ndiyo ninayoikumbuka ilivyokuwa kiganjani.

Siku ya tisa mwezi ukaandama, Ramadhani ikaingia. Amri ya daktari ilikuwa bilauri ya maji kila saa, ili mkojo uwe mwepesi usigande ukaziba mpira. Nilimwambia Bi Mwanakheri amnyweshe kila nikimimina, akasema naam. Wodi ilikuwa imejaa, nami nimefunga, na kila adhuhuri nilipima kopo nikaandika kwenye daftari. Siku ya kwanza ya mfungo, kiasi kizuri. Ya pili, kizuri zaidi. Ya tatu adhuhuri, kizuri kabisa, rangi yake nyepesi ya kupendeza. Nikajisifu moyoni.

Alasiri ile nilikuwa namfunga kidonda mgonjwa wa kitanda cha mwisho, nikaona ninasema Subhanallah ya kumi. Mikono ikamalizia kidonda. Nikaendelea kuhesabu mpaka thelathini na tatu, mzunguko mzima wa tasbihi ndogo, na bati halikusema neno.

Nilikwenda kwa miguu, sikukimbia, kwa sababu ukikimbia wagonjwa wote wanakaa kitako. Kopo lilikuwa nusu. Mpira ulikuwa mkavu mdomoni. Nikamgusa Mize chini ya kitovu, nikakuta kibofu kimeanza kukaza. Midomo yake ilikuwa imepasuka na kufanya weupe pembeni.

"Maji umekunywa?"

"Naam, bibi."

"Toa ulimi."

Ulimi ulikuwa mkavu. Ndipo nilipomwona Faida akilini mwangu, amesimama mlangoni na uso wake uliovimba, nikaona haya ya miaka yote. Nikamgeukia mama.

"Bi Mwanakheri, maji yale yanakwenda wapi?"

Mama akainama, akatazama kopo.

Kumbe kila bilauri niliyomimina, walisubiri nigeuke, mama akaimwaga koponi polepole kwa kando isifanye kishindo. Mkojo mzito uliotoka kidogo ulichanganyika na maji ya kunywa, mimi nikapima, nikaandika, nikajisifu. Kwa siku mbili na nusu daftari langu lilikuwa limeandika maji ya mtungi.

"Nnafunga," Mize alisema. "Niliweka nadhiri, bibi. Usimkasirikie mama."

Sikuwa na nafasi ya kumkasirikia mtu. Sheria ya hospitali ilisema mpira wa aliyepasuliwa haushikwi ila na daktari au bibi wa Kizungu. Bibi wa Kizungu mpya alikuwa hajafika. Daktari alikwenda shamba la serikali la Kizimbani kutazama wafanyakazi wenye homa, naye atarudi kesho. Kesho kibofu kitakuwa kimejaa mara mbili. Nikisukuma maji mengi, nitaufumua mshono kwa mkono wangu mwenyewe. Nisiposukuma, utafumuka wenyewe. Nilitaka sana awepo mtu wa kumwuliza, na hakuwepo, nikaenda kusugua mikono mara tatu.

Bomba la kioo lilikuwa limechemshwa asubuhi, na maji ya boriki, ya kuoshea kibofu, yalikuwa vuguvugu juu ya jiko. Nikalijaza robo. Nikaliunga kwenye mpira, nikavuta kwanza, kidogo sana. Hapakuja kitu. Nikasukuma kiasi cha kijiko cha chai, kisha nikaacha. Nikasubiri. Nikavuta tena. Mikono yangu ilitulia.

"Yanauma?"

"Hayaumi, bibi. Nnaogopa tu."

"Na mimi. Usikohoe."

Mara ya nne nilipovuta, nilihisi kitu kimeachia. Kikaja ndani ya kioo, cheupe, punje chache za mchanga kama chokaa ya ukutani, na nyuma yake mkojo mwekundu mzito kama chai iliyolala. Nikachomoa bomba. Nikamwaga kopo lile la uongo, nikaweka jipya tupu, nikaukalisha mpira juu yake.

Tone. Tone. Kisha ukashuka mfululizo, na bati likapiga kelele mpaka kitanda cha mwisho wakauliza kuna nini. Wanangu, nimesikia matwari ya maulidi na vinanda vya mfalme. Sijasikia muziki mzuri kuliko ule.

Nilipoona kibofu kimelegea, nikakaa kitandani.

"Haya, Mize. Nadhiri yako niambie kama ulivyoisema, neno kwa neno."

"Nilisema, ya Rabbi, nkikauka, Ramadhani ya mwanzo ntafunga yote, nsiache hata moja."

"Nawe umekauka?"

"Shuka kavu, bibi. Umeigusa mwenyewe."

"Nkiuchomoa mpira huu sasa hivi, shuka itakuwaje?"

Mama ndiye aliyejibu: "Itarowa."

"Basi hujakauka. Kilichokauka ni kitanda, kwa sababu ya mpira. Ulisema nikikauka, na hilo bado Mungu hajakupa. Unakimbilia kutimiza kabla hujapewa. Kunywa maji sasa, ukikauka kwa nafsi yako ufunge Ramadhani yote ijayo, na mie ntakuja kukutazama."

"Na hizi siku ntakazokula?"

"Wewe mgonjwa. Utazilipa ukipona, kama alipavyo mgonjwa yeyote."

Mama akaichukua bilauri, akamwekea mdomoni, akasema, "Kunywa, mwanangu, nshakosa mie." Alikunywa huku analia. Nilimmiminia bilauri nne, moja baada ya nyingine, na koo langu mwenyewe limekauka tangu alfajiri. Sijawahi kuona maji mengi katika Ramadhani kama yale.

Kesho yake nilimweleza daktari yote, tangu mwanzo, kabla hajavua kofia. Alilitaka daftari. Nilikuwa nimeshapiga mstari juu ya hesabu zile za siku tatu, na pembeni nimeandika: maji ya kunywa yalimwagwa humu, sikutazama mgonjwa, kosa langu. Akalisoma, maana herufi zetu alizijua kidogo, au tuseme alinifanya nimsomee. Akaenda akamfunua Mize, akatazama mshono kwa kioo na taa, nami nikasimama nyuma yake nimeshika beseni lisilohitajika.

"Unashika," alisema. Kisha akasema, "Nani alikufunza kuvuta kabla ya kusukuma?"

"Bibi Mrefu."

Akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo wa kabati la mipira, ule aliokuwa akitembea nao yeye tu, akauweka juu ya daftari langu. Kisha akaenda kunawa. Ufunguo ule nilikuwa nao mpaka siku niliyoaga, na mmoja wenu ndiye anayeutembeza sasa. Asiupoteze.

Tangu siku ile daftari la wodi lina safu mbili: kilichotoka, na kilichoingia. Ile safu ya pili mnayoinung'unikia, kwamba inawachosha kuwatazama wagonjwa wakimeza, sasa mnajua imetoka wapi. Imetoka kwenye makosa yangu. Ijazeni.

Daktari aliongeza siku nne kwa sababu ya kuziba kule. Asubuhi ya siku ya kumi na nane akauchomoa mpira. Nilitandika bafta mpya, kitambaa cheupe cha pamba, kwenye benchi, nikamwambia Mize akae. Akakaa ukingoni. Nikamwambia akae vizuri. Akakohoa alivyoamriwa, akasimama, akachutama, akakaa tena, wodi nzima inatutazama. Kila robo saa nilimwinua nikaitazama bafta. Ilikuwa nyeupe. Adhuhuri nikaichukua nikaiinua juu, nikaigeuza pande zote mbili kama mchuuzi wa nguo, na Bi Mwanakheri akapiga kigelegele. Kitanda cha jirani kikapokea. Wakapokea wote, hata yule ajuza wa figo ambaye kwa wiki nzima alisema hana nguvu ya kunyanyua kijiko. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza nani kaolewa.

Kisha Mize akaomba kwenda chooni. Alikaa huko muda mrefu, nikaingiwa na hofu, nikagonga mlango.

"Mize! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, bibi. Nnasikiliza." Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Nlisahau inavyosikika nkitaka mwenyewe."

Gunia alilichoma kwa mkono wake, chini ya sufuria ya Bibi Mrefu, na moto wake ndio uliochemsha mipira ya siku ile.

Ramadhani iliyofuata alifunga yote, akaacha tu siku anazoruhusiwa kila mwanamke, na hizo akazilipa. Nilikuwa nimeahidi kwenda kumtazama nisiende, kazi ilinizuia mwaka ule na miaka iliyofuata. Yeye ndiye aliyekuja. Kila alipokuja alikuwa ametangulia mbele, na nyuma yake mwanamke mwingine wa kusini au mashariki, kichwa chini, gunia kwapani. Aliwatafuta nyuma ya majiko, mmoja mmoja. Mkunga wa kwao naye, baada ya kumwona Mize ameketi harusini katikati ya mkeka, aliacha habari za jini la maji, akaanza kuwaleta mjini wenye uchungu wa siku mbili kabla haujawa wa siku nne. Huo ndio ushindi mkubwa kuliko mshono wowote, na haukufanyika hospitali.

Mwezi uliopita, nimeshavua aproni, nikatimiza ahadi. Nilikwenda Makunduchi kwa punda, siku mbili, na mgongo wangu bado unanilaumu. Mvua ya vuli ilinikuta njiani sina pa kujificha. Nilifika kwa Mize ninachuruzika maji tangu ushungi mpaka viatu. Ana nyumba yake sasa, na siku ile kulikuwa na shughuli ya hitima, ukumbi umejaa wanawake na mikeka mipya. Nikasimama mlangoni.

"Bi Zena!" Mize akaniita. "Shikamoo! Pita ukae."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kigoda nikae hapa nje. Nimerowa, ntaurowesha mkeka wako."

Wanawake wote walikuwa wakinitazama. Mize akainama, akaushika mkeka kwa mikono miwili, akauvuta. Aliuvuta kuja kwangu, mpaka ukingo wake ukagusa vidole vya miguu yangu.

"Usharoweshwa na wadogo kuliko wewe," alisema. "Kaa."

Nikakaa.